Upangaji wa tamasha katika kwaya za watu waliobadili jinsia

Upangaji wa tamasha katika kwaya za watu waliobadili jinsia ni kazi ya kuchagua nyimbo, kugawa sauti, kupanga mfuatano wa nyimbo na kuandaa kijitabu cha programu katika kwaya za jamii ambazo waimbaji wake ni watu waliobadili jinsia, pamoja na watu wasiojitambulisha kuwa wanaume wala wanawake. Kwaya za aina hii zilianza kuonekana nchini Marekani mwanzoni mwa karne ya 21.

Katika kwaya nyingi za kawaida, wimbo huchaguliwa kwanza na waimbaji hupangwa kufuata mahitaji yake. Katika kwaya hizi mara nyingi utaratibu hugeuzwa: waimbaji hutazamwa kwanza, kisha wimbo hupangwa upya ili uwafae. Sababu kubwa ni mbili. Kwanza, sauti za baadhi ya waimbaji hubadilika katika muda wa miezi ile ile ambayo kwaya inajiandaa kwa tamasha. Pili, maneno ya wimbo, jina lililochapishwa au picha iliyopigwa jukwaani vinaweza kugusa heshima na usalama wa mwimbaji.

Istilahi

Katika makala hii, "watu waliobadili jinsia" ni watu ambao jinsia wanayoishi nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Baadhi ya waandishi hutumia pia neno "transijenda". Si wote waliotumia dawa au kufanyiwa upasuaji. Wengine wamebadili jina, mavazi au namna ya kujitambulisha tu. Katika kundi hili wamo pia watu wanaosema kwamba jinsia yao haitoshi kuelezwa kwa neno "mwanamume" au "mwanamke".

Kwaya ya jamii ni kwaya ya watu wa kawaida wanaoimba bila kulipwa. Waimbaji hukutana baada ya kazi, mara nyingi siku moja kwa wiki, katika ukumbi wa kanisa, shule au kituo cha jamii. Nyingi hazina usaili wa sauti: anayetaka kuimba hupokelewa. Jambo hili lina uzito katika upangaji wa tamasha, kwa sababu mwalimu wa kwaya hajui mapema atapata sauti za namna gani.

Historia

Kwaya hizi zimetokana kwa sehemu na vuguvugu la kwaya za mashoga na wasagaji nchini Marekani. San Francisco Gay Men's Chorus iliimba hadharani kwa mara ya kwanza mnamo Novemba 1978, katika maombolezo ya meya George Moscone na diwani Harvey Milk waliouawa katika jengo la halmashauri ya jiji. Mwaka 1982 liliundwa shirikisho la GALA Choruses, ambalo hukusanya kwaya za Marekani na za nchi nyingine katika tamasha kubwa linalofanyika kila baada ya miaka kadhaa. Tamasha la mwaka 2016 lilifanyika Denver, Colorado. Lile la mwaka 2020 lilifutwa kwa sababu ya UVIKO-19, na kwaya zikakutana tena Minneapolis mwaka 2024.

Nyingi kati ya kwaya za mwanzo zilikuwa za wanaume peke yao au za wanawake peke yao. Mgawanyo huo uliwaacha watu waliobadili jinsia katika hali ngumu. Mtu aliyeimba kwa miaka kadhaa katika kwaya ya wanawake, kisha akaanza kuishi kama mwanamume, alijikuta hana nafasi iliyo wazi. Kwaya yake ya zamani ilikuwa ya wanawake, na kwaya ya wanaume ilihitaji sauti nzito ambayo huenda hakuwa nayo bado. Mwanamke mwenye sauti ya besi alikutana na tatizo hilo kutoka upande wa pili.

Mwaka 2001 ilianzishwa Transcendence Gospel Choir huko San Francisco, ikiwa na uhusiano na kanisa la City of Refuge la United Church of Christ. Ilikuwa kwaya ya injili ya watu waliobadili jinsia, na ilitoa albamu ya Whosoever Believes. Maisha ya kwaya hiyo yalionyeshwa katika filamu ya hali halisi iitwayo The Believers ya mwaka 2006.

Katika miaka ya 2010 kwaya nyingine zilifuata. Miongoni mwake ni Butterfly Music Transgender Chorus ya eneo la Boston, Phoenix ya Colorado, na Trans Chorus of Los Angeles iliyoanzishwa mwaka 2015. Katika miaka hiyo pia baadhi ya kwaya za zamani za wanaume au za wanawake zilianza kubadili kanuni zao za uanachama, zikapokea waimbaji kwa kufuata aina ya sauti badala ya jinsia.

Sauti na mwili

Ili kuelewa namna tamasha linavyopangwa, ni lazima kuelewa kwanza kinachotokea kwenye koo la mwimbaji.

Sauti ya mwanadamu hutokea pale hewa itokayo mapafuni inapotikisa nyuzi za sauti zilizo ndani ya zoloto. Nyuzi nene na ndefu hutikisika polepole na kutoa sauti nzito. Nyuzi nyembamba na fupi hutikisika haraka na kutoa sauti ya juu. Katika mazungumzo ya kawaida, nyuzi za mwanamume mzima hutikisika takriban mara 85 hadi 180 kwa sekunde, na za mwanamke takriban mara 165 hadi 255. Viwango hivyo vinaingiliana, na katika kuimba vinaingiliana zaidi.

Mvulana anapobalehe, homoni ya testosteroni huongeza unene wa nyuzi za sauti na kukuza zoloto. Mtu mzima anayetumia testosteroni kama dawa hupata badiliko linalofanana na hilo kwa sehemu: nyuzi zake huwa nene na sauti hushuka. Kwa kawaida badiliko huanza katika miezi michache ya kwanza, na sehemu kubwa hutokea ndani ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Sauti iliyoshuka kwa njia hiyo hairudi juu hata dawa ikiachwa. Katika kipindi cha mpito sauti hukwaruza, hukatika ghafla, na idadi ya noti ambazo mwimbaji anaweza kuziimba kwa uhakika hupungua. Noti za juu huondoka kabla noti za chini hazijakomaa.

Kwa mwanamke aliyebadili jinsia hali ni tofauti. Homoni ya estrojeni haipandishi sauti iliyokwisha kuvunjika wakati wa balehe. Anayetaka kuimba juu hujifunza kwa mazoezi ya muda mrefu, akitumia sauti ya kichwani na kubadili mwangwi wa kinywa na koo. Wengine hawaoni haja hiyo, na huendelea kuimba besi bila kuona kwamba besi inawapunguzia uanamke wao. Wapo pia waimbaji wanaochagua kutotumia testosteroni kabisa kwa sababu wanaogopa kupoteza sauti waliyoijenga kwa miaka mingi.

Jambo jingine ni pumzi. Baadhi ya waimbaji hufunga kifua kwa vazi la kubana ili kionekane bapa. Vazi hilo huzuia mbavu kutanuka, na mwimbaji hushindwa kushika noti ndefu. Mwalimu anayejua hilo huepuka mistari mirefu isiyo na mahali pa kuvuta pumzi, au huwaelekeza waimbaji kupokezana pumzi ili mstari usikatike.

Majina ya sauti

Katika kwaya nyingi za nchi za Magharibi, walimu wamezoea kuwaita waimbaji wa soprano na alto "wanawake" na wale wa tenori na besi "wanaume". Kwaya za watu waliobadili jinsia zimeacha desturi hiyo. Mwalimu husema "tenori simameni" au "sauti za juu anzeni", wala hasemi "wanaume simameni". Mwimbaji huulizwa anapotaka kukaa, na anaweza kuhama sauti katikati ya msimu au hata kati ya wimbo mmoja na mwingine.

Msomaji wa Afrika Mashariki hataliona jambo hili kuwa geni sana. Katika kwaya nyingi za Tanzania waimbaji hugawanywa kwa namba: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Majina hayo yanataja nafasi ya mtu katika wimbo na si jinsia yake, ingawa kwa desturi wanawake huwekwa katika mbili za kwanza na wanaume katika mbili za mwisho.

Historia ya muziki wa Ulaya nayo inaonyesha kwamba sauti na jinsia hazikufungwa pamoja nyakati zote. Katika makao ya Pietà huko Venice, ambako Antonio Vivaldi alifundisha katika karne ya 18, wasichana na wanawake waliimba sauti zote za kwaya, zikiwemo tenori na besi. Katika opera ya Mozart Le nozze di Figaro ya mwaka 1786, kijana wa kiume Cherubino huimbwa na mwanamke. Mwaka 2019 mwimbaji wa baritoni Lucia Lucas, mwanamke aliyebadili jinsia, aliimba nafasi ya Don Giovanni katika Tulsa Opera, Oklahoma.

Kupanga sauti za tamasha

Kwaya ya jamii kwa kawaida hufanya mazoezi ya miezi mitatu hadi minne kabla ya tamasha. Kwa mwimbaji aliyeanza testosteroni karibuni, muda huo unatosha kumtoa alto na kumfikisha tenori. Wimbo aliofundishwa mwezi wa kwanza unaweza kumshinda mwezi wa nne. Walimu hutumia njia kadhaa kulikabili tatizo hili.

Njia ya kwanza ni kushusha au kupandisha ufunguo wa wimbo. Kwaya zinazotumia sol-fa, kama zilivyo nyingi za Afrika Mashariki, hulifanya jambo hili kwa urahisi: do inahamishwa na noti zilizoandikwa zinabaki zile zile. Kwaya zinazosoma nota za mistari huhitaji nakala mpya, na kwa hiyo uamuzi hufanywa mapema.

Njia ya pili ni kupunguza idadi ya sauti. Wimbo ulioandikwa kwa sauti nne huandikwa upya kwa tatu: ya juu, ya kati na ya chini. Sauti ya kati huwekwa katika eneo dogo ambalo karibu kila mtu analifikia, kwa mfano kutoka G iliyo chini ya C ya kati hadi E iliyo juu yake. Mwimbaji ambaye sauti yake inavunjika hupelekwa hapo.

Njia ya tatu ni kuchagua nyimbo zenye umbo linalovumilia mabadiliko. Wimbo wa kuitikiana, ambapo mmoja huongoza na wengine hupokea, humruhusu kila mtu kuitikia katika oktava inayomfaa. Wimbo wa kufuatana, ambapo makundi huimba tuni moja yakianza kwa kupishana, hauhitaji kabisa mgawanyo wa soprano na besi. Pambio fupi linalorudiwa linafaa kwa sababu hiyo hiyo.

Njia ya nne ni kutomwacha mwimbaji peke yake. Kila sauti huwa na watu wawili au zaidi, na kwa sehemu ya mwimbaji mmoja huandaliwa wawili, ili mmoja akishindwa siku ya tamasha mwenzake ashike. Mwimbaji huruhusiwa kunyamaza katika noti anazohofia zitakatika, kisha kurudi mbele kidogo. Katika kwaya nyingine kunyamaza namna hiyo kungehesabiwa kuwa kosa, lakini hapa hufundishwa kama sehemu ya wimbo.

Mfano unaweza kusaidia. Tuseme kwaya ina waimbaji 24. Tisa wana sauti za juu zilizotulia, wanane wana sauti za chini zilizotulia, na saba wako katikati: wanne wameanza testosteroni ndani ya mwaka huo, na watatu ni wanawake wanaojifunza kuimba juu zaidi. Mwalimu akipanga nyimbo kumi zote za sauti nne, wale saba watahangaika tamasha zima. Akipanga nyimbo nne za sauti tatu, tatu za kuitikiana, mbili za sauti moja pamoja na kinanda, na moja tu ya sauti nne kwa walio tayari, kila mwimbaji atakuwa na mahali pa kusimama, na hadhira itasikia kwaya iliyotulia.

Maneno ya nyimbo

Kiingereza hutenganisha "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike, na nyimbo nyingi za mapenzi, za dini na za asili zimejengwa juu ya tofauti hiyo. Kwaya inayoimba kwa Kiingereza hulazimika kuamua la kufanya na kila neno la namna hiyo. Baadhi huacha maneno yalivyo na kumpa kila mwimbaji uhuru wa kuyaimba, hata kama "mimi" wa wimbo ni mwanamke na mwimbaji ni mwanamume. Baadhi hubadili viwakilishi, na nyingine huuacha wimbo na kutafuta mwingine.

Kiswahili hakina tatizo hilo kwa kiwango hicho. Neno "yeye" na kiambishi "a-" havitaji jinsia, na neno "ndugu" hubeba maana ya kaka na dada kwa pamoja. Mfasiri wa nyimbo hizi kwa Kiswahili hugundua kwamba swali lililoisumbua kwaya wiki nzima limetoweka katika tafsiri. Hata hivyo maneno kama "mama", "baba", "bibi" na "bwana" hubaki na uzito wao.

Kubadili maneno kuna mipaka ya kisheria. Wimbo ambao bado una haki miliki hauwezi kupangwa upya na kuchapishwa bila ruhusa ya mwenye haki. Nchini Marekani, kazi zilizochapishwa kabla ya mwaka 1978 na ambazo haki zake zilidumishwa hulindwa kwa miaka 95 tangu kuchapishwa. Nyimbo za asili na zile za zamani zaidi ziko huru, na hii ni sababu mojawapo ya kuzipenda.

Zaidi ya viwakilishi, kamati ya programu huangalia ujumbe. Wimbo unaosifu mwili "wa asili" au unaosimulia maisha ya mwanamume na mwanamke kama njia pekee unaweza kuwaumiza waimbaji wanaoutamka. Mara nyingi waimbaji husomewa maneno kabla ya uamuzi wa mwisho.

Watunzi na kazi mpya

Kwa kuwa nyimbo zilizopo hazikutosha, kwaya zilianza kuwaagiza watunzi kuandika kazi mpya. Mtunzi anayejulikana katika uwanja huu ni Mari Esabel Valverde kutoka Texas, mwanamke aliyebadili jinsia, ambaye kazi zake huimbwa pia na kwaya za shule na vyuo. Wimbo wake Our Phoenix unatumia shairi la Amir Rabiyah, na When Thunder Comes unatumia maneno ya J. Patrick Lewis kuhusu watetezi wa haki za kiraia.

Katika opera ipo As One ya Laura Kaminsky, iliyoandikiwa maneno na Mark Campbell na Kimberly Reed na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Brooklyn mwaka 2014. Mhusika wake ni mmoja, Hannah, lakini huimbwa na watu wawili: baritoni na mezosoprano. Kazi hiyo si ya kwaya, ila inaonyesha namna watunzi walivyoanza kutumia tofauti ya sauti kusimulia maisha ya mtu mmoja.

Kazi iliyoagizwa ina faida moja ya wazi: mtunzi huijua kwaya. Anaweza kuandika sauti ya kati pana, kuweka noti za hiari kwa anayeweza, na kuuliza waimbaji wangependa kusema nini. Kikwazo ni gharama, na ndiyo maana kwaya kadhaa huungana wakati mwingine kuagiza wimbo mmoja.

Kalenda na mfuatano

Tarehe tatu huathiri mipango ya kwaya nyingi. Ya kwanza ni tarehe 20 Novemba, siku ya kuwakumbuka watu waliobadili jinsia waliouawa. Maadhimisho hayo yalianza mwaka 1999, baada ya Rita Hester, mwanamke mweusi aliyebadili jinsia, kuuawa katika eneo la Boston mnamo Novemba 1998. Ya pili ni tarehe 31 Machi, siku ya kuonekana kwa watu waliobadili jinsia, iliyoanza mwaka 2009 kwa wito wa Rachel Crandall wa Michigan. Alitaka iwepo siku ya kuwasherehekea walio hai, na si ya kuwalilia waliokufa pekee. Ya tatu ni mwezi Juni, unaokumbusha ghasia za Stonewall za Juni 1969 jijini New York.

Tofauti kati ya Novemba na Machi huonekana pia ndani ya tamasha moja. Mwalimu hupima ni kiasi gani cha huzuni na kiasi gani cha furaha kiwekwe. Tamasha la maombolezo matupu huwachosha waimbaji, ambao baadhi yao wanawafahamu waliotajwa. Tamasha la shangwe tupu huonekana kuyafumbia macho yaliyotokea. Mpangilio unaotumika sana huanza na wimbo rahisi ambao wote wanaumudu, ili woga uondoke. Nyimbo ngumu hufuata sauti zikiwa bado mbichi, na za kumbukumbu huwekwa katikati. Mwisho huwa wimbo ambao hadhira inaweza kuujibu.

Kati ya nyimbo, baadhi ya waimbaji husimulia maisha yao kwa dakika mbili au tatu. Masimulizi hayo hupendwa na hadhira, lakini yana hatari. Mtu anaweza kusema akiwa jukwaani jambo ambalo kesho yake angetaka lisijulikane kazini. Kwa hiyo masimulizi huandikwa na kusomwa mapema, na msimuliaji ana haki ya kujitoa hadi dakika ya mwisho bila kuulizwa sababu.

Kijitabu cha programu, mavazi na usalama

Katika kwaya ya kawaida orodha ya waimbaji huchapishwa bila kufikiriwa sana. Katika kwaya hizi kila mtu huulizwa mambo matatu: jina lipi liandikwe, kama anataka liandikwe, na kama anakubali picha. Mwimbaji anaweza kuwa na jina moja kwenye kitambulisho, jingine kwaya, na familia isiyojua lolote. Kuchapisha jina lisilo sahihi kunaweza kumpotezea kazi au nyumba. Wengine huandikwa kwa herufi za kwanza tu, na wengine hawaandikwi.

Picha na video hupangwa kwa namna hiyo hiyo. Wasiotaka kuonekana husimama upande ambao kamera haigeuzwi, au tamasha hurekodiwa sauti peke yake.

Mavazi pia ni sehemu ya programu. Desturi ya gauni refu kwa wanawake na suti kwa wanaume haitumiki. Badala yake huchaguliwa rangi, mara nyingi nyeusi pamoja na kitambaa cha rangi, na kila mtu huvaa mshono anaoutaka. Ukumbi huchaguliwa kwa kuangalia vyoo, milango na njia ya kurudi nyumbani usiku. Kiingilio mara nyingi ni kila mtu alipe anachoweza, kwa kuwa wengi katika hadhira ni watu wa kipato kidogo.

Fedha na siasa

Kwaya hizi hutegemea michango ya wanachama, tiketi, wafadhili na wakati mwingine ruzuku. Mwaka 2025 National Endowment for the Arts, taasisi ya serikali kuu ya Marekani inayotoa ruzuku za sanaa, ilianzisha sharti kwamba waombaji wasitumie fedha hizo kuendeleza kile serikali ilichokiita itikadi ya jinsia. Vikundi vya sanaa vilifungua kesi katika jimbo la Rhode Island, na mnamo Septemba 2025 jaji wa shirikisho aliamua kwamba taasisi hiyo haikuwa na haki ya kuyakataa maombi kwa msingi huo.

Kwa kwaya ndogo, athari ya mambo ya namna hii huonekana kwenye programu yenyewe. Pasipo fedha, wimbo mpya hauagizwi, mpiga kinanda halipwi, na ukumbi mdogo hukodiwa badala ya mkubwa.

Mijadala

Ndani ya kwaya zenyewe maoni hutofautiana. Wapo wanaotaka kwaya iwe ya watu waliobadili jinsia pekee, ili mazoezi yawe mahali pa kupumzika. Wengine hukaribisha marafiki na jamaa, kwa hoja kwamba sauti zilizotulia husaidia kubeba zile zinazobadilika.

Mjadala wa pili unahusu ubora. Wakosoaji husema kwamba kupunguza sauti na kushusha funguo hudhoofisha muziki. Wanaotetea njia hiyo hujibu kwamba wapangaji wa nyimbo wamekuwa wakiandika upya kazi kwa kufuata uwezo wa kwaya za shule na za parokia kwa muda mrefu, wala hakuna aliyeona vibaya.

Mjadala wa tatu ni kuhusu hadhira. Tamasha likilenga kuwaelimisha watu wa nje, nyimbo na masimulizi huchukua sura ya somo, na waimbaji hugeuka kuwa mifano. Likilenga watu wa ndani, wageni wanaweza wasielewe. Kwaya nyingi huishia katikati: huchagua nyimbo ambazo waimbaji wenyewe wangependa kuziimba hata kama ukumbi ungekuwa mtupu, kisha huweka maelezo mafupi katika kijitabu kwa anayehitaji.

Athari kwa kwaya nyingine

Mbinu zilizoanza katika kwaya hizi zimeanza kutumiwa na walimu wa kwaya za shule, vyuo na makanisa nchini Marekani na kwingineko. Jane Ramseyer Miller, aliyeongoza One Voice Mixed Chorus ya Minnesota na kufanya kazi na GALA Choruses, ni miongoni mwa walioandika mwongozo kwa walimu wanaopokea waimbaji waliobadili jinsia.

Sehemu kubwa ya mbinu hizo inawafaa watu wengine pia. Mvulana wa miaka 13 ambaye sauti yake inavunjika, mama mwenye umri mkubwa ambaye soprano yake imeshuka, na mwimbaji aliyetoka kuugua koo wote wana shida inayofanana: wimbo ulioandikwa kwa sauti waliyokuwa nayo jana. Sauti ya kati yenye noti chache, ruhusa ya kuhama na mwenzako wa kushika pale unapokwama huwawezesha kubaki katika kwaya.